Chombo Kisicho na Alama: Tutamjuaje Aliyekitengeneza?

Mada iliyotolewa kwa wananchi wa Kihagara, Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu, usipa ukiwa bado juu ya vichanja, mkaja kutusikiliza. Mmezoea kutuona tukija kuzungumzia mizani zilizochezewa, mbegu zisizoota na bidhaa zilizopitwa na muda wa matumizi. Leo tumekuja kuzungumzia chombo kimoja cha maua, cha kioo, ambacho kilikaribia kumgharimu bibi mmoja wa ukanda huu wa ziwa akiba yake ya mwaka mzima. Bibi huyo ametupa ruhusa ya kulieleza jambo lake, nasi tumemwahidi kutomtaja jina.

Chombo hicho kina kimo cha shubiri moja na nusu. Rangi yake ni ya chungwa lililoiva, na ukikigeuza mbele ya dirisha hutoa zambarau, kijani na dhahabu. Alikirithi kwa baba mkwe wake, ambaye katika ujana wake aliwapikia wamisionari. Kwa miaka mingi kilikaa juu ya kabati pamoja na vikombe vya wageni, wala hakuna aliyekiulizia bei.

Siku moja akapita dalali wa vitu vya kale. Akakishika, akakipindua, akatazama kitako, kisha akasema: "Hakina alama ya kiwanda. Kitu kisicho na alama hakina thamani. Nitakupa shilingi 15,000 kwa sababu ya usumbufu." Bibi akakataa. Wiki mbili baadaye akapigiwa simu na mtu asiyemfahamu, aliyesema ameiona picha ya chombo hicho. Huyu alikuja na maneno ya upande wa pili: "Hicho ni Tiffany cha Marekani. Kinauzwa mamilioni. Lakini kwa kuwa hakina alama, lazima kwanza kipatiwe cheti cha uhalisia. Tuma shilingi 280,000 leo, mnunuzi anasubiri."

Fedha hizo bibi alikuwa nazo. Zilitokana na usipa na na kahawa ambayo mwanawe huvuna huko milimani upande wa Mbinga, naye alikuwa amezitenga kwa mahitaji ya mjukuu aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano. Kabla ya kuzituma, mjukuu huyo ndiye aliyemwambia: "Bibi, tuulize kwanza."

Tunaomba mtazame jinsi watu wale wawili walivyokitumia kitu kimoja. Mmoja alisema hakuna alama, kwa hiyo chombo ni takataka. Mwingine alisema hakuna alama, kwa hiyo nipe fedha nikiletee jina. Wote wawili walisimama juu ya pengo lile lile, na wote wawili walitaka bibi aamini kwamba pengo hilo hawezi kulichunguza mwenyewe. Tumekuja kuwaonyesha kwamba linachunguzika.

Mng'ao huo unatoka wapi

Kila mmoja wenu ameuona mng'ao wa namna hii. Boti ikivujisha mafuta kidogo ziwani, juu ya maji hutanda utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Maji hayana rangi hizo, na mafuta hayana. Rangi hutokea kwa sababu mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake. Baadhi ya rangi hupata nguvu na nyingine hufifia. Povu la sabuni hufanya hivyo hivyo.

Kioo cha kale kilichofukiwa ardhini kwa karne nyingi hupata utando kama huo, kwa kuwa unyevu wa udongo hukila taratibu na kukiachia magamba membamba. Mafundi wa Ulaya wa karne ya 19 walipoviona vioo vya Kirumi vilivyofukuliwa wakavutiwa na uzuri wake, wakatafuta njia ya kuupata bila kungoja miaka elfu moja. Wakagundua kwamba kioo kikiwa bado cha moto sana, kikipuliziwa mvuke au maji ya chumvi za metali, kama vile za bati au za chuma, hupata utando mwembamba unaoshikamana nacho. Mwaka 1873, katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Vienna, kampuni ya Lobmeyr ilionyesha vioo vya aina hii, na baada ya hapo viwanda vingi vikaifuata njia hiyo.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: mng'ao unatuambia namna chombo kilivyomalizwa, hautuambii nani alikimaliza. Wahenga walisema vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Nasi tunaongeza kwamba vyote ving'aavyo kwa rangi za upinde usidhani ni vya mtu mmoja.

Kwa nini vyombo vingi havina alama

Mnunuzi wa leo amezoea kuona jina kwenye kila kitu, kuanzia kiberiti hadi pikipiki. Zamani haikuwa hivyo. Kiwanda cha Loetz, kilichokuwa katika kijiji cha Klášterský Mlýn huko Bohemia, nchi ambayo leo ni Cheki, kilikuwa miongoni mwa viwanda bora kabisa vya kioo cha mng'ao. Mwaka 1900 kilipata tuzo ya juu katika maonyesho ya dunia ya Paris. Hata hivyo sehemu kubwa ya vyombo vyake ilitoka kiwandani bila alama yoyote. Jirani zake, kama vile Kralik na Rindskopf, nao kwa kawaida hawakutia alama.

Sheria za biashara ndizo zilizobadilisha mambo. Marekani ilipopitisha sheria yake ya ushuru ya mwaka 1890, ilitaka bidhaa kutoka nje zioneshe nchi zilikotoka. Ndiyo maana baadhi ya vyombo vilivyopelekwa huko vina jina la nchi, na vile vilivyouzwa kwingine havina. Chombo kimoja kingeweza kuwa na alama na ndugu yake wa tanuri lile lile asiwe nayo.

Huko Marekani kwenyewe, Louis Comfort Tiffany alisajili mwaka 1894 jina la Favrile kwa kioo chake, na vyombo vyake vingi vilichorwa herufi za jina lake kwenye kitako. Kiwanda cha Steuben, chini ya Frederick Carder, kilianza mwaka 1904 kutengeneza kioo cha mng'ao kilichoitwa Aurene. Vyombo hivi vilipulizwa na kuumbwa kwa mkono, vikauzwa kwa matajiri.

Mwaka 1907 kiwanda cha Fenton kikaanza kutoa kioo cha mng'ao cha bei nafuu. Kioo kilikandamizwa ndani ya kalibu ya chuma, kikatoka na mapambo yake tayari, kisha kikapuliziwa chumvi za metali. Viwanda vingine vikaiga: Northwood na Imperial huko Marekani, Sowerby huko Uingereza, Brockwitz huko Ujerumani, na baadaye Jain katika mji wa Firozabad nchini India. Northwood mara nyingi ilitia herufi N ndani ya duara, na baadhi ya vyombo vya Jain vina jina hilo kwenye kitako. Vilivyobaki, kwa sehemu kubwa, havina kitu.

Kwa hiyo yule dalali wa kwanza alikosea. Kukosekana kwa alama ni hali ya kawaida ya vyombo hivi, vya bei kubwa na vya bei ndogo. Hakukipunguzii chombo thamani, na wala hakukiongezei.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Hauhitaji maabara. Unahitaji mwanga wa dirisha, mikono safi, kitambaa laini cha kutandika mezani, na lenzi ya kukuza kama ipo. Musikisugue chombo kwa mchanga, majivu wala steli waya, kwani utando wa mng'ao ni mwembamba mno na ukikwanguka haurudi.

Kwanza, tafuteni mishono. Kioo kilichokandamizwa kwenye kalibu huwa na mistari iliyoinuka kidogo mahali vipande vya kalibu vilipokutana. Pitisheni ukucha taratibu kuzunguka ubavu wa chombo. Mstari mmoja ukipanda kutoka chini kuelekea juu, na mwingine kama huo ukawa upande wa pili, chombo kimetoka kwenye kalibu. Mapambo yanayojirudia sawasawa kila upande ni dalili nyingine ya kalibu. Lakini muwe na tahadhari, kwa kuwa mafundi wengine walipuliza kioo ndani ya kalibu kisha wakalainisha mishono kwa moto. Kuwepo kwa mshono kunasema mengi kuliko kutokuwepo kwake.

Pili, inameni mtazame kitako. Fundi anayepuliza kioo hukishika chombo kwa fimbo ya chuma iliyonatishwa chini, kisha hukibandua. Mahali hapo hubaki kovu. Mafundi wengine waliliacha likiwa na makali, wengine walilisaga na kuling'arisha mpaka likawa kama kidimbwi kidogo cha duara. Kovu ni ushahidi wa kazi ya mkono. Lakini mkumbuke kwamba mafundi wa mkono walikuwepo Bohemia, Uingereza, Marekani na Murano, na wapo mpaka leo.

Tatu, tazameni uchakavu. Chombo kilichokaa mezani kwa miaka themanini kina mikwaruzo midogo mingi mahali kitako kinapogusa meza, inayokwenda kila upande bila mpango. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, au ikionekana hata mahali pasipogusa meza, huenda kuna aliyeipaka msasa ili kukizeesha.

Nne, kama alama ipo, msiiamini kabla ya kuitazama kwa lenzi. Kuchora herufi tatu kwenye kioo kwa ncha ya almasi ni kazi ya dakika chache, na majina makubwa ndiyo yaliyoghushiwa zaidi. Tazameni kama herufi zimekata juu ya mikwaruzo ya zamani. Zikiwa zimeikata, basi mikwaruzo ilitangulia na jina likafuata. Mtu hapewi jina la baba baada ya kuzeeka.

Tano, linganisheni tarehe. Alama yenye neno Czechoslovakia haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1918, kwa kuwa nchi hiyo ilizaliwa Oktoba mwaka huo. Wazee wa hapa mnajua kwamba Liuli wakati wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen, na kwamba tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia pale meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Mtu akikuuzia chombo chenye alama ya Czechoslovakia akadai kiliachwa na Mjerumani aliyeondoka kabla ya vita hiyo, mwandiko wa kitako na hadithi ya mdomo vimekwisha kugombana. Njia ya mwongo ni fupi.

Sita, linganisheni umbo na mapambo na vile vilivyothibitishwa. Hapa ndipo penye ushahidi wenye nguvu zaidi. Kiwanda cha Loetz kiliacha michoro ya karatasi yenye umbo na namba za vyombo vyake, na wataalamu wameichapisha. Chombo kisicho na alama, lakini kinacholingana na mchoro kwa umbo, kwa kipimo na kwa aina ya mapambo, kinaweza kupewa jina kwa ujasiri. Viwanda vya kalibu navyo vilitoa katalogi za picha kwa wafanyabiashara. Kufanana kwa rangi peke yake hakutoshi.

Wengine watawaambia watumie ile taa ya urujuanimno ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti. Kioo chenye urani hung'aa kijani chini ya taa hiyo. Ni kweli, lakini viwanda vingi vilitumia urani. Taa inawaambia kilichomo ndani ya kioo, haiwaambii nani alikipika.

Hadithi ya ukoo ni dira

Tusiidharau hadithi ya ukoo. Bidhaa zimefika kwenye ufukwe huu kwa njia zinazojulikana. Misafara ya biashara iliunganisha Ziwa Nyasa na Kilwa, na shanga za kioo zilikuwa miongoni mwa fedha za safari. Wamisionari wa Kiingereza waliweka makao yao Likoma mwaka 1885, na meli yao Chauncy Maples ilishushwa majini mwaka 1901. Wabenediktini wa Kijerumani walifika Peramiho mwaka 1898. Wafanyabiashara wenye asili ya India walifungua maduka katika miji yetu. Kwa hiyo chombo cha Uingereza, cha Ujerumani, cha Bohemia au cha Firozabad, kila kimoja kingeweza kufika hapa kihalali bila muujiza wowote. Hadithi inatuelekeza pa kutafuta. Haitoshi kuwa hati.

Tena ipo kazi iliyofanyika kwetu Afrika Mashariki inayotufundisha mpaka wa elimu hii. Kule Unguja Ukuu, Zanzibar, wataalamu walifukua shanga na vipande vya kioo vya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hakuna ushanga wenye alama ya fundi. Wakatumia mwale wa leza kukwangua chembe isiyoonekana kwa jicho, wakapima madini yaliyomo. Kioo kilichopikwa kwa majivu ya mimea kina uwiano wake, na ndivyo kilivyopikwa Mashariki ya Kati. Kioo chenye alumina nyingi, kilichotokana na mchanga wa Asia ya Kusini, kina uwiano mwingine. Kwa njia hiyo wakaweza kusema shanga hizi kioo chake kilitoka upande ule, na zile upande huu. Waliishia hapo. Hawakumtaja fundi, kwa sababu ushahidi haukumtaja. Kama watu wenye vyombo kama hivyo wanaishia pale ushahidi unapoishia, mtu wa kwenye simu amepata wapi jina kwa kutazama picha?

Kwa kuwa tumezitaja shanga, tuongeze neno moja. Mkiokota shanga za kale, vigae au vyombo vilivyofukiwa ardhini, msiviuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda masalia ya aina hiyo. Toeni taarifa kwa uongozi wa kijiji ili ifike kwa wahusika.

Sikilizeni neno linalotangulia jina

Wauzaji waaminifu wa vitu vya kale wana daraja za maneno, na kila daraja ina bei yake. Wakisema "cha Loetz," wanamaanisha wako tayari kusimama nyuma ya jina hilo. Wakisema "kinadhaniwa kuwa cha Loetz," wanatoa maoni. Wakisema "kwa mtindo wa Loetz," wanakiri kwamba huenda kimetengenezwa na mtu mwingine kabisa, pengine juzi. Maneno haya matatu yanakaribiana masikioni, lakini yanaachana sana mfukoni. Mnunuzi akilipa bei ya daraja la kwanza kwa chombo cha daraja la tatu, hasara ni yake mpaka awe na maandishi.

Ndiyo maana tunasisitiza maandishi. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Sheria hizi zina nguvu, lakini zinahitaji kitu cha kushika. Muuzaji aliyekuambia kwa mdomo "hiki ni Tiffany," kisha akakuandikia risiti ya "chombo cha maua, kimoja," amekuuzia chombo cha maua kimoja. Mwambie aandike kwenye risiti jina alilokutajia, na umri aliokutajia. Akikataa kuandika alichokubali kusema, umekwisha pata jibu lako bila kulipa hata senti.

Wenzetu mnaokwenda Tunduru na Mbinga mnakofanyika biashara ya vito mnaifahamu hali hii. Kipande cha kioo cha buluu huuzwa kwa jina la yakuti, na anayenunua kwa haraka hulia kwa muda mrefu. Vipovu vidogo vya duara vilivyonaswa ndani, vinavyoonekana kwa lenzi, ni dalili ya kioo. Kanuni ni ile ile: anayetaja jina ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha.

Ada inayotangulia

Turudi kwa yule mtu wa simu. Tunawaomba mshike alama zake, kwa sababu kesho hatakuja na kioo. Atakuja na sarafu ya kale, na cherehani, au na redio ya zamani. Alama zake ni nne. Anataja thamani kubwa kabla ya kukishika kitu. Anadai malipo kabla ya huduma. Anakuharakisha, akisema mnunuzi anaondoka leo. Na anakutaka ulipe kwa simu kwa namba ya mtu binafsi, bila ofisi, bila risiti.

Mtaalamu wa kweli anaweza kudai ujira, na ujira ni haki yake. Lakini atakutajia anachokwenda kukifanya, atataka kukiona chombo chenyewe au picha za kila upande pamoja na kitako, atakupa risiti, na hatakuwa yeye yule anayetaka kukinunua. Anayepima mzigo na anayeununua wakiwa mtu mmoja, mizani itaelemea upande wake. Hili wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa.

Mkishatuma fedha, toeni taarifa polisi upesi pamoja na ujumbe wa malipo na namba iliyotumika, kwa kuwa kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Wajulisheni pia watoa huduma wa simu. Malalamiko dhidi ya mfanyabiashara aliyewapotosha yapelekwe Tume ya Ushindani, yakiambatana na risiti na picha za bidhaa. Msione haya. Tapeli hutegemea aibu ya aliyetapeliwa kuliko anavyotegemea ujanja wake mwenyewe.

Chombo cha bibi

Mtataka kujua tulichokikuta. Tulikaa naye barazani, tukakilaza chombo juu ya kanga iliyokunjwa, tukafuata hatua hizi moja baada ya nyingine, yeye mwenyewe akipitisha ukucha. Aliikuta mishono miwili, mmoja kila upande, ikipanda kutoka kitakoni hadi karibu na mdomo. Mapambo ya majani yalijirudia bila tofauti hata ya unywele. Kitako hakikuwa na kovu la fimbo, bali uchakavu wa haki, wa chombo kilichosukumwa na kurudishwa juu ya kabati kwa miaka mingi. Hapakuwa na herufi.

Kwa hiyo tulimwambia kwamba hiki ni kioo cha kukandamizwa kwenye kalibu, kilichopuliziwa metali, cha aina iliyotengenezwa kwa wingi katika karne ya 20. Si kazi ya kupulizwa kwa mkono, na hakuna lolote ndani yake linalounga mkono jina la Tiffany. Kwenye nafasi ya mtengenezaji tuliandika: "Hajathibitishwa." Tukamweleza kwamba siku ikipatikana katalogi yenye majani kama yale, nafasi hiyo inaweza kujazwa, na mpaka wakati huo asikubali mtu yeyote kuijaza kwa mdomo.

Bibi alikaa kimya kidogo. Hatutaki kuwaficha kwamba alisikitika, maana mamilioni yalikwisha lala ndani ya nyumba yake kwa usiku kadhaa. Kisha akauliza: "Na zile laki mbili na themanini?" Tukamwambia zipo palepale alipoziweka. Mjukuu amekwenda shule na godoro lake na sanduku lake. Chombo kimerudi juu ya kabati. Siku akitaka kukiuza ni hiari yake, na sasa anajua anachokiuza: atakieleza kwa ukweli, atakitafutia wanunuzi zaidi ya mmoja, na hatapokea bei iliyotajwa na mtu aliyekidharau ili akichukue.

Ndugu wananchi, tunawaachia mambo matano. Chombo kisicho na alama si takataka. Chombo kisicho na alama si hazina mpaka ithibitike. Tazameni mshono, kitako, uchakavu, tarehe na umbo kabla ya kusikiliza jina. Jina likitajwa, liandikwe kwenye risiti. Wala msitume fedha kwa mtu anayedai kulipwa ili akuambie kwamba wewe ni tajiri.

Mwenye chombo nyumbani asichokielewa tunamkaribisha baada ya mkutano huu. Tutakuwa kwenye ofisi ya kijiji mpaka jioni, tukiwa na lenzi na kitambaa safi. Kuangalia hakuna malipo.